SOMO LA SOKO: Tofaa, aina zake, matumizi yake na hesabu ya boksi moja

MFANYABIASHARA anayenunua boksi la matofaa hununua tunda, na pamoja na tunda hununua siku. Siku hizo zikiisha kabla tunda halijauzwa, faida hugeuka hasara hata kama bei ya kununulia ilikuwa nzuri. Wengi walioingia katika biashara hii kwa kuona tu kwamba matofaa yanapendwa njiani na madukani wametoka wakiwa na maboksi ya matunda yaliyosinyaa na deni mkononi.

Somo la wiki hii linaeleza aina za matofaa zinazofika katika masoko ya Afrika Mashariki, namna ya kuyakagua, kuyatunza na kuyala, pamoja na hesabu ambayo muuzaji mdogo anapaswa kuifanya kabla ya kutoa fedha yake. Mwishoni yapo maelezo kwa mwekezaji anayefikiria kupanda mitofaa yake mwenyewe.

JINA MOJA, MATUNDA MAWILI

Kwanza ni vyema kuondoa utata wa jina. Katika mwambao wa Tanga, Mombasa na visiwani Zanzibar, mtu akisema tofaa au tufaa huenda anazungumzia tunda jekundu lenye maji mengi na kokwa moja, la mti uliotoka Asia ya Kusini Mashariki. Mti huo ni jamaa wa mkarafuu. Tunda hilo lina soko lake, lakini huharibika upesi na halivumilii safari ndefu.

Tofaa linalozungumzwa hapa ni lile la nchi za baridi, ambalo wenye magenge na wachuuzi wa barabarani huliita epo. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, katika nchi ambayo leo ni Kazakhstan. Kutoka huko lilisafiri na misafara ya biashara hadi Ulaya, na wahamiaji wa Ulaya wakalipeleka Marekani, Afrika Kusini, Australia na New Zealand.

Jambo moja la asili ya mti huu lina maana kubwa kibiashara. Mbegu ya tofaa haizai tofaa linalofanana na mama yake. Ukipanda mbegu kumi za tunda moja utapata miti kumi tofauti, na mingi itazaa matunda madogo au makali. Kwa sababu hiyo kila aina yenye jina hutunzwa kwa kubebesha, yaani kuchukua kijiti cha mti unaojulikana na kukiunganisha kwenye shina la mti mwingine. Granny Smith zote zilizopo sokoni duniani ni uzao wa mti mmoja kwa njia hiyo.

AINA ZINAZOFIKA SOKONI

Aina za matofaa duniani ni maelfu, lakini zinazotawala biashara ya kimataifa hazizidi ishirini. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Kampala akizifahamu hizi zifuatazo anakuwa na msingi wa kutosha.

Granny Smith. Ni la kijani, gumu, lenye ukali wa wazi. Lilianzia Australia, karibu na Sydney, katika shamba la mama aliyeitwa Maria Ann Smith, mnamo miaka ya 1860. Ngozi yake ni ngumu kiasi na tunda hudumu kuliko mengi. Wateja wanaopenda embe bichi kwa chumvi na pilipili hulipenda. Pia hutafutwa na waoka keki na na watu wanaojaribu kupunguza utamu katika chakula.

Golden Delicious. Ni la njano au kijani kinachoelekea njano, tamu, lenye nyama laini. Liligunduliwa katika jimbo la West Virginia, Marekani, na kampuni ya miche ya Stark ililinunua mwaka 1914. Udhaifu wake ni ngozi nyembamba: likigongwa alama huonekana mara moja, na likikaa kwenye joto husinyaa haraka.

Red Delicious na jamaa zake, ikiwamo Starking. Ni jekundu sana, refu kidogo, lenye vinundu vitano chini. Linavutia macho kuliko lolote, lakini ndani yake hugeuka unga mapema huku nje likiwa bado linang'aa. Mnunuzi asiyekata tunda moja kabla ya kulipa anaweza kubeba hasara bila kujua.

Gala na Royal Gala. Ni la ukubwa wa kati, lenye mistari myekundu juu ya njano, tamu na lisilo na ukali mwingi. Lilizalishwa New Zealand katika miaka ya 1930. Watoto hulipenda, na kwa wauzaji wa shule na vituo vya mabasi ndilo linalotoka haraka. Huvunwa mapema kuliko aina nyingine nyingi za biashara.

Fuji. Lilizalishwa Japani katika kituo cha utafiti cha Fujisaki na kuanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1962. Ni tamu sana, gumu na lenye maji mengi, na hukaa muda mrefu bila kupoteza ladha. Baadhi yake yakikatwa huonyesha sehemu zinazofanana na kioo kuzunguka kokwa. Hayo si maozi. Ni maji yenye sukari yaliyojikusanya. Hata hivyo, tunda la namna hiyo lisiwekwe akiba kwa muda mrefu kwa kuwa sehemu hiyo huweza kugeuka kahawia.

Braeburn. Nalo ni la New Zealand. Lina utamu na ukali kwa pamoja, na huvumilia kupikwa.

Pink Lady. Jina la aina yenyewe ni Cripps Pink, iliyozalishwa Australia Magharibi katika miaka ya 1970. Pink Lady ni alama ya biashara inayolindwa kisheria, na tunda lisilofikia kiwango cha rangi na utamu halina haki ya kubeba jina hilo. Huchelewa kuvunwa, hudumu, na huuzwa kwa bei ya juu madukani.

Kwa muhtasari, Granny Smith, Fuji na Pink Lady ni matunda ya mwenye subira. Gala na Golden Delicious ni ya mwenye wateja wa haraka. Red Delicious ni la mwenye macho makali.

SAIZI NA HESABU YA BOKSI

Matofaa ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo yaliyozoeleka zaidi katika masoko ya Tanzania, hufungwa kwa kawaida katika boksi la kilo 18.25, na lipo boksi dogo la kilo 12.5. Ubavuni mwa boksi huandikwa namba kama 100, 135, 150 au 180. Namba hiyo ni idadi ya matunda yaliyomo. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo tunda linavyokuwa dogo.

Katika boksi la kilo 18.25, saizi 100 ina maana kila tunda lina wastani wa gramu 182. Saizi 135 ni gramu 135. Saizi 180 ni gramu 101. Uzito wa boksi ni uleule, lakini biashara si ileile, kwa sababu muuzaji wa jumla hununua kwa boksi na mchuuzi huuza kwa moja moja.

Ufuatao ni mfano wa kujifunzia tu, wala si bei ya soko. Chukua boksi lililonunuliwa kwa Sh 90,000. Usafiri na upakuzi ni Sh 3,000, ushuru wa soko na mifuko ni Sh 1,500. Jumla ni Sh 94,500.

Boksi likiwa la saizi 135, kila tofaa limemgharimu muuzaji Sh 700. Akiuza kwa Sh 1,000 kila moja, na yote yakauzwa, atapata Sh 135,000 na faida ya Sh 40,500. Hesabu hiyo ndiyo wengi huifanya vichwani, na ndiyo inayowaponza.

Yakiharibika 14, yaani karibu asilimia 10, mauzo yatakuwa Sh 121,000 na faida Sh 26,500. Yakiharibika 27, yaani asilimia 20, mauzo yatakuwa Sh 108,000 na faida Sh 13,500. Yakiharibika 41, mauzo yatakuwa Sh 94,000, na muuzaji atakuwa amefanya kazi ya juma zima ili apate hasara ya Sh 500. Kwa maneno mengine, faida yote ya boksi hili imo katika matofaa 40 ya mwisho. Aliyeuza 95 amerudisha mtaji wake na Sh 500 juu. Anayekula au kuozesha yale 40 amekula mshahara wake.

Gharama ikiwa ileile kwa boksi la saizi 100, kila tunda litakuwa limegharimu Sh 945. Kwa bei ya barabarani ya Sh 1,000 faida ni Sh 5,500 tu hata kama hakuna lililoharibika. Saizi kubwa kama hiyo inamfaa mwenye duka anayeuza kwa kilo au mwenye wateja wa ofisini watakaolipa zaidi kwa tunda kubwa. Kwa saizi 180 kila tunda hugharimu Sh 525. Likiuzwa Sh 700 kwa wanafunzi, boksi zima huingiza Sh 126,000 na faida ni Sh 31,500.

Kabla ya kuuliza bei, basi, muuzaji aulize saizi. Bei bila saizi ni nusu ya habari.

NAMNA YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Muuzaji wa jumla mwaminifu hakatai boksi kufunguliwa. Mnunuzi afungue, ainue tabaka la juu na kuangalia la chini, maana matunda yaliyobanwa na uzito huwa chini. Kisha azingatie mambo yafuatayo.

Kikonyo: kiwe kibichi au kikavu bila ukungu. Ngozi kuzunguka kikonyo ikianza kukunjamana, tunda limepoteza maji.

Ugumu: tunda zuri halibonyei kwa kidole gumba. Lisilobonyea lakini jepesi mkononi kwa ukubwa wake nalo litiliwe shaka.

Harufu: harufu tamu kidogo ni dalili ya kuiva. Harufu nzito ya chachu au pombe ni dalili kwamba tunda limekaa sana au limekosa hewa.

Madoa: madoa madogo ya kahawia yaliyodidimia, hasa upande wa chini wa tunda, mara nyingi hutokana na upungufu wa madini ya chokaa shambani. Hayaambukizi matunda mengine, lakini hushusha bei na huonja uchungu. Doa laini lenye maji ni maozi, na lazima litolewe siku hiyohiyo.

Kukata: tunda moja la kila boksi, au la kila maboksi kumi kwa mwenye mzigo mkubwa, likatwe katikati. Nyama iwe nyeupe au rangi ya maziwa, na kokwa isiwe imegeuka kahawia. Kipande kiliwe. Kikivunjika kwa sauti na kutoa maji, biashara ipo. Kikisambaratika mdomoni kama unga, boksi lirudishwe au lipunguzwe bei kwa ajili ya kupika.

BARIDI, HEWA NA JIRANI MBAYA

Tofaa huendelea kuishi baada ya kuchumwa. Linapumua, linatumia sukari yake na kutoa joto. Kinga yake kuu ni baridi. Aina nyingi hutunzwa kwenye nyuzi kati ya 0 na 1 za Selsiasi, katika hewa yenye unyevu wa asilimia 90 hadi 95. Likitolewa hapo na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 20 na kitu huzeeka mara kadhaa haraka zaidi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, hesabu ya siku ni fupi kuliko hiyo.

Katika nchi zinazozalisha kwa wingi, matofaa huwekwa katika vyumba ambamo hewa ya oksijeni imepunguzwa hadi asilimia chache tu, hivyo tunda hulala usingizi kwa miezi. Utafiti wa njia hiyo ulifanyika Uingereza katika miaka ya 1920. Ndiyo maana tofaa lililovunwa Aprili linaweza kuuzwa Desemba likiwa gumu. Hata hivyo, likishatolewa chumbani hugutuka na kuzeeka kama mengine. Mfanyabiashara asidanganyike kwamba tunda lililodumu miezi minane Ulaya au Cape litadumu mwezi mmoja gengeni.

Tofaa pia hutoa hewa ya ethilini, ambayo huivisha matunda mengine. Likiwekwa pamoja na ndizi mbichi, parachichi au maembe huyaivisha upesi. Likiwekwa na mboga za majani huzifanya ziwe njano, na karoti huwa chungu. Mwenye genge anaweza kuitumia tabia hiyo kwa faida kwa kuweka tofaa moja katika mfuko wa maparachichi anayotaka yaive kesho. Lakini kulaza matofaa na mchicha katika friji moja ni kupoteza mchicha. Kadhalika tofaa moja bovu huharibu boksi, kwa ukungu wake na kwa hewa hiyo.

Kwa muuzaji asiye na friji, mambo manne husaidia: kununua kidogo kidogo mara mbili kwa wiki badala ya boksi nyingi kwa mara moja, kuweka akiba kivulini kwenye sakafu ya saruji na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu, kupanga mezani yale tu ya siku hiyo, na kuacha kuyamwagia maji ya ndoo moja kutwa nzima, kwa kuwa maji machafu husambaza ukungu.

NTA NA VIBANDIKO

Wateja wengi huuliza kuhusu nta. Tofaa lina nta yake ya asili. Kiwandani tunda huoshwa, nta hiyo ikapungua, na mara nyingi hupakwa nyingine nyembamba inayoruhusiwa katika chakula, kama ile inayotokana na majani ya mnazi wa Brazil. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke na kulipa tunda mng'ao. Mteja akimwagia maji ya moto akaona weupe, ameona nta hiyo, haina sumu. Kuosha kwa maji safi na kusugua kwa mkono kunatosha.

Kibandiko chenye namba nne ni utambulisho wa aina na ukubwa. Namba 4017 ni Granny Smith kubwa, 4131 ni Fuji kubwa. Namba tano zinazoanza na 9 huashiria tunda lililolimwa bila kemikali za viwandani. Namba hizo hazielezi nchi wala ubora wa tunda, hivyo mnunuzi asizitumie kama hakikisho la ubora.

MAJIRA NA HATARI YA MLANGO MMOJA

Afrika Kusini huvuna kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Mei, hasa katika wilaya za Elgin, Grabouw, Villiersdorp na Ceres katika jimbo la Western Cape. Gala hutangulia, Golden Delicious na Granny Smith hufuata, na Cripps Pink hufunga msimu. Nchi za kaskazini kama Marekani, China, Poland, Italia na Ufaransa huvuna kati ya Agosti na Novemba. China peke yake huzalisha karibu nusu ya matofaa yote duniani, ingawa mengi huliwa nchini humo.

Maana yake ni kwamba kati ya Februari na Juni matunda ya kusini huwa mapya, na kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka ya kusini huwa ni ya akiba huku ya kaskazini yakiwa mapya. Mnunuzi wa jumla anayejua kalenda hii anaweza kujadili bei. Anayenunua Gala ya Afrika Kusini mwezi Desemba ajue ananunua tunda lenye umri wa miezi kumi na aikague mara mbili.

Hatari kubwa ya biashara hii ilionekana Aprili 2025. Tanzania ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, ikieleza kwamba nchi hizo zilikuwa zimezuia mazao yake, zikiwamo ndizi kwa upande wa Afrika Kusini. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya siku chache kufuatia mazungumzo. Kwa mwenye saruji siku chache si kitu. Kwa mwenye matunda njiani ni tofauti, kwani lori hutumia mafuta kuendesha ubaridi hata likiwa limesimama.

Funzo lake ni kwamba mwagizaji asitegemee mlango mmoja. Awe na muuzaji wa pili, aweke katika mkataba nani atabeba hasara serikali ikifunga mpaka, na aulize kampuni ya bima kama kuharibika kwa mzigo kwa sababu ya kucheleweshwa kumo katika bima au la. Mara nyingi hakumo.

Aidha, mwagizaji anahitaji kibali cha kuingiza mazao kabla ya mzigo kuondoka, cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, na hati ya uasili iwapo anadai unafuu wa ushuru wa SADC. Kontena kubwa la ubaridi hubeba tani 20 na zaidi. Kwa mwekezaji mdogo, njia ya busara ni kuungana na wengine kununua kutoka kwa mwagizaji mwenye chumba cha baridi.

NAMNA YA KULILA, NA NAMNA YA KUOKOA YALIYOLEGEA

Muuzaji anayejua matumizi ya tunda huuza zaidi, kwa sababu mteja hununua akijua atalifanyia nini. Tena, tunda lililolegea bado ni mali likiwa halijaoza.

Likiwa bichi: tofaa huliwa na ngozi yake, maana sehemu kubwa ya nyuzinyuzi imo humo. Vipande hugeuka kahawia vikikaa wazi. Kuvipitisha katika maji yenye ndimu huzuia hali hiyo kwa saa kadhaa, jambo linalowafaa wauza matunda ya kukatwa.

Kachumbari na achari: Granny Smith iliyokatwa nyembamba huchukua nafasi ya embe bichi wakati maembe yamekwisha. Chumvi, ndimu, pilipili na kitunguu vinatosha. Kwa achari huongezwa siki, haradali na sukari kidogo.

Juisi: Gala au Fuji pamoja na tangawizi na ndimu hutoa juisi isiyohitaji sukari. Mbegu zitolewe kabla ya kusaga, kwa sababu zikipondwa huweza kutoa sumu kidogo na huleta uchungu.

Chakula cha mtoto: Golden Delicious au Gala humenywa, huchemshwa kwa maji kidogo hadi ilainike, kisha hupondwa. Hata lile lililogeuka unga hufaa hapa.

Keki na vitumbua: Granny Smith na Braeburn hushika umbo zikiokwa. Red Delicious haifai, kwani ladha hupotea jikoni. Vipande vidogo vyenye mdalasini na iliki huingia vizuri katika unga wa maandazi.

Jamu: tofaa, hasa la kijani, lina pektini nyingi inayogandisha jamu. Wasindikaji wa jamu ya nanasi au stroberi huweza kulichanganya ili jamu ishikane.

Matofaa makavu: vipande vyembamba hupitishwa katika maji ya ndimu na kukaushwa katika kikaushio cha jua chenye wavu. Kwa kuwa tofaa ni maji kwa takriban asilimia 85, zinahitajika kilo sita hivi au zaidi kupata kilo moja. Anayetaka kuuza kikavu aweke hesabu hiyo katika bei.

Tunda lenye maozi, harufu ya pombe au ukungu lisiingie katika matumizi yoyote kati ya haya. Ukungu wa tofaa huacha sumu ndani ya juisi hata baada ya sehemu mbovu kukatwa.

KWA ANAYETAKA KUPANDA

Matofaa hulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki: Lushoto, Njombe na Makete nchini Tanzania, Limuru na Nyeri nchini Kenya, Kabale nchini Uganda. Soko lipo, lakini mti huu una sharti lake. Huhitaji baridi ili machipukizi yaamke. Aina za Ulaya huhitaji mamia mengi ya saa zenye baridi iliyo chini ya nyuzi 7, kiasi ambacho sehemu nyingi za ukanda huu hazipati.

Zipo aina zinazohitaji baridi kidogo. Zinazojulikana zaidi ni Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden kutoka Bahamas. Hizi mbili hupandwa pamoja kwa kuwa huchavushana. Anna peke yake shambani hutoa maua mengi na matunda machache. Huko Batu, Java Mashariki nchini Indonesia, wakulima wa nchi ya joto hupukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uchanue tena, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Ni kazi ya mikono mingi, na gharama yake iingizwe katika hesabu.

Mwekezaji ajihadhari na miche. Mche uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka sita hadi kumi kuzaa, na tunda lake halijulikani. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa katika miaka miwili hadi minne. Alama yake ni kovu au kivimbe karibu na ardhi, mahali mimea miwili ilipoungana. Pasipo kovu hilo, bei ya mche uliobebeshwa isilipwe. Aidha muuzaji aandike kwenye risiti jina la aina na jina la shina la chini. Asiyeweza kuyataja hajui anachouza.

Kwa nafasi ya mita nne kwa nne, ekari moja huchukua miche 250 hivi. Anayeahidiwa utajiri kwa miche kumi ya uani, au mavuno kamili katika mwaka wa kwanza, afunge mfuko wake.

FUNZO KUTOKA MAREKANI

Historia ya Red Delicious inafaa kusomwa na kila mwekezaji. Kwa zaidi ya miaka 50 lilikuwa tofaa lililozalishwa kwa wingi kuliko yote nchini Marekani. Wenye maduka walitaka wekundu zaidi, na wakulima wakachagua miti yenye wekundu zaidi mwaka hadi mwaka. Rangi ikaongezeka, ladha ikapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wateja walikuwa wamehamia Gala na Fuji, bei ikaanguka, na mwaka 2000 Serikali ya Marekani ikalazimika kutoa fedha za kuwanusuru wakulima. Mwaka 2018 Gala ikashika nafasi ya kwanza.

Kwa upande mwingine, Honeycrisp, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, haina sura ya kutisha wala si rahisi kulima, lakini wateja waliionja wakakubali kuilipia zaidi. Soko lilimlipa aliyejali mdomo wa mteja.

Kipimo hicho kinafanya kazi hata kwa mwenye meza moja pale stendi. Mteja hununua mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa ulimi. Anayeuza tofaa la unga linalong'aa amepata shilingi elfu moja na kupoteza mteja wa kila siku.

YA KUKUMBUKA

1. Uliza saizi kabla ya bei, kisha gawa gharama zote kwa idadi ya matunda.
2. Jua idadi ya kuuza ili mtaji urudi. Faida imo katika yanayobaki baada ya hapo.
3. Fungua boksi, angalia chini, kata moja, onja.
4. Nunua Fuji, Granny Smith na Pink Lady kwa kuweka. Gala na Golden Delicious kwa kuuza upesi.
5. Yaliyolegea yapikwe au yakaushwe mapema. Yaliyooza yatupwe yote.
6. Usitegemee nchi moja wala mwagizaji mmoja.
7. Mche bila kovu la kubebesha si mche wa biashara.